Kinena, si Kunena

Wifi yangu Rosebella huvaa viatu visivyolingana. Cha kulia ni kiatu cha kawaida cha dukani. Cha kushoto kimeongezewa soli nene ya tairi, kazi ya fundi mmoja wa mjini Kakamega aitwaye Bramwel, ambaye amekuwa akimtengenezea tangu wote wawili wakiwa vijana. Soli hiyo husaidia, lakini bado Rosebella huchechemea, na akija kwenye veranda ya kituo cha afya, wagonjwa walioketi kwenye benchi humjua kabla hajatokea: pu-ta, pu-ta, pu-ta. Watoto humwigiza. Yeye huwageukia na kuwaambia, "Mnapoteza mdundo. Hebu rudieni."

Hapa kwetu Chekalini kila mtu humwita Senge, yaani shangazi, hata wazee wanaomzidi umri. Ni tabibu, na karibu atastaafu. Ni dada mdogo wa marehemu mume wangu, Hezekiah Barasa, aliyekuwa mwalimu mkuu. Mimi nilifundisha Kiswahili katika shule za upili hadi nilipostaafu, na kwa kuwa ndimi niliyebaki kulinda jina la nyumba ya Barasa, nimeona ni vyema habari za Senge ziandikwe na mtu anayezijua. Wengine wamekuwa wakizisimulia bila kuombwa.

Mguu wake una masimulizi mawili. La kwanza ni lile tuliloambia watu: kwamba alipokuwa mdogo alipanda mpera ulio nyuma ya jikoni, tawi likakatika, akaanguka. Nilipochumbiwa nililikuta simulizi hilo limesimama imara kama nguzo ya nyumba, nami nikalitunza. Ndugu zangu waliponiuliza kabla ya harusi, "Huo mguu wa wifi yako, si ni wa ukoo?" niliwajibu, "Ni wa mpera." Hakuna aibu katika kuanguka mtini. Mtoto gani hapandi mpera?

Simulizi la pili ndilo la kweli, nalo halikutoka nje ya nyumba. Rosebella alikuwa na umri wa kuanza shule alipoamka asubuhi moja akilia kwamba goti linamuuma. Mwili ulikuwa unawaka homa. Hakukubali kukanyaga, wala hakukubali mtu aguse mguu ule. Goti likakandwa kwa maji moto. Halikupoa. Akaletwa mama mmoja hodari wa kukanda, akakanda mguu mzima kuanzia juu hadi chini huku mtoto akipiga mayowe yaliyosikika hadi barabarani. Majirani wakaanza kunong'ona kuhusu babu fulani wa ukoo ambaye eti hakuzikwa kwa heshima. Alipofikishwa hospitalini, usaha ulikuwa umejaa ndani ya nyonga na mfupa umeanza kuliwa. Madaktari waliokoa maisha yake. Mguu wenyewe haukukua tena kama mwenzake.

"Mama yangu alinipenda sana," Senge huniambia tukiwa wawili. "Ila mkono wake ulipenda goti, na ugonjwa ulikuwa orofa ya juu."

Alikaa wodini muda mrefu, na huko wodini ndiko alikoamua atakuwa nani. Alisema baadaye kwamba alichoka kulala akitazama madaktari wakinong'onezana juu ya mguu wake, akataka siku moja aelewe wanachonong'ona. Alisoma kwa bidii ambayo hata Hezekiah, aliyekuwa mkali wa vitabu, aliionea wivu. Alipohitimu chuo cha matabibu na kurudi nyumbani na koti jeupe, mama yake alimpokea kwa vigelegele na kuku wawili, kisha akaenda kusimama peke yake chini ya ule mpera.

Kwa hiyo si ajabu kwamba Senge ana jambo moja analolishikilia kuliko yote. Mtoto akiletwa kwake kwa sababu ya goti, yeye huanzia kwenye nyonga. "Goti ni shahidi wa kununuliwa," husema. "Litakiri kosa la jirani yake." Humlaza mtoto juu ya kitanda, humshika kisigino, na kuuviringisha mguu taratibu kushoto na kulia, kama anayesukuma chapati na hataki ipasuke. Huku anaongea. Huuliza kama mtoto amekula, kama amecheza, kama alikuwa na mafua siku za nyuma. Humbonyeza tumbo pia, kwa maana tumbo nalo hujua kujificha nyuma ya paja. Macho yake hayatazami mguu. Hutazama uso wa mtoto.

Mara nyingi anachokipata si cha kutisha, na hapo ndipo hufurahi kupita kiasi. Nilikuwepo siku moja bwana mmoja aitwaye Osiako alipomleta mwanawe, mshambuliaji wa timu ya shule, aliyeshika paja kwa juu, pale mbele penye mfupa wa kiuno. Kijana alikuwa amepiga mpira kwa nguvu akasikia kitu kikivutika.

"Mifupa ya mtoto anayekua ni kama hindi bichi, baba," Senge akamweleza. "Msuli umepata nguvu za kiume, lakini mahali uliposhikilia kwenye mfupa bado ni laini. Amevuta kwa nguvu kuliko pale panapoweza. Apumzike mpira. Patajishika penyewe."

"Apumzike? Daktari, fainali ni Jumamosi! Huwezi kumdunga sindano acheze hiyo moja tu?"

"Naweza kukudunga wewe, ukacheze wewe."

Osiako aliondoka akinung'unika. Timu ilifungwa. Kijana yule sasa anachezea shule ya upili na miguu yake yote miwili ni mizima, na baba yake husema ni yeye aliyekataza sindano.

Wengine huja na watoto ambao miguu yao yote miwili huuma jioni baada ya kushinda wakikimbia, na asubuhi wanakimbia tena kama ndama. Hao Senge huwaambia mama zao wawasugue mapaja polepole na wawape uji. Lakini akikuta mtoto mwenye homa asiyekubali kukanyaga, husahau utani wote. Nimesikia akiitisha ambulensi kwa simu kwa sauti ambayo Hezekiah angeitumia kwa wanafunzi waliochoma bweni.

Sasa nieleze lililotupata mwaka jana, likizo ya Agosti.

Mwanangu Weldon ni mkufunzi katika chuo cha ufundi huko Sigalagala. Mkewe, Natasha, alikuja kukaa nami likizo hiyo pamoja na binti yao Mitchel, ambaye alikuwa na miaka sita. Mitchel alianza kuongea kabla ya kuota meno, na tangu siku hiyo hajapumzika. Huongea na kuku. Huongea na mlango ukigoma kufunguka. Wiki iliyotangulia alikuwa na mafua, lakini hata mafua hayakumnyamazisha. Yalibadilisha tu sauti.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nikichagua maharagwe kwenye veranda. Mitchel akatoka ndani ameshika ukuta. Mguu wa kulia alikuwa ameukunja kidogo na kuugeuzia nje, akawa anaukanyaga kwa haraka na kuuondoa, kama mtu anayetembea juu ya mabua.

"Kukhu," akaniita kwa neno letu la nyanya, "goti langu limekataa."

Ungo wa maharagwe niliuweka chini. Sikuona goti. Niliona mwendo wa wifi yangu ukitoka kwenye mlango wa nyumba yangu, ndani ya mwili wa mjukuu wangu.

"Mama, labda ameteguka," Natasha akasema akija na dawa ya kuchua. "Jana si aliruka kamba mchana kutwa? Ngoja nimkande kidogo."

"Usimkande!"

Nadhani nilipaza sauti. Natasha akasimama na kopo lake mkononi. Nikaketi, nikamwita mtoto, nikamwambia anionyeshe kwa kidole mahali panapouma. Akaonyesha goti. Kisha kidole kikapanda juu ya paja polepole, kikafika pale paja linapokutana na tumbo, halafu akakirudisha haraka na kukificha nyuma ya mgongo.

"Kukhu, hapa panaitwaje?"

Katika nyumba nyingi za huku mahali hapo hapana jina. Ukiuliza utaambiwa "huko," au utaambiwa "mguu," au utapigwa kofi. Mimi sikufundisha lugha miaka yote hiyo ili mjukuu wangu aumwe na mahali pasipo na jina. "Panaitwa kinena," nikamwambia. "Ni neno safi la Kiswahili. Halina aibu."

"Kinena." Alilionja kama peremende. "Kinena kinaniuma, Kukhu."

Tuliita pikipiki itupeleke kwa Senge. Tulipokuwa langoni, Natasha ameshamkalisha mtoto mbele yake na injini inanguruma, akapita jirani yetu Maximilla na mtungi wake wa maziwa. Maximilla ni mwanamke mwema, mwenye moyo mkubwa na simu iliyojaa vikundi.

"Mulembe, Mama Weldon! Mnaenda wapi asubuhi hivi? Mtoto ana nini?"

Nilikuwa na muda mfupi sana wa kufikiri. Nikisema "mguu," kabla ya chakula cha mchana soko lote la Chekalini lingekuwa linasema kwamba mguu wa akina Barasa umerudi. Kusema uongo sikutaka. Nikachagua neno sahihi, na kulisema kwa heshima yake.

"Ana shida ya kinena, Maximilla. Imeanza leo ghafla. Tunampeleka kwa Senge."

Maximilla akaweka mkono mdomoni. "Woi! Shida hiyo? Na vile huyu mtoto huongeanga!" Akamwinamia Mitchel. "Mitchel, mami, sema hata 'habari' tu."

Mitchel alikuwa anaumwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakujibu. Alimtazama tu, kidole mdomoni.

"Yesu wangu," Maximilla akasema kwa sauti ya chini. "Nendeni. Sisi tutaomba."

Nikamshukuru, tukaondoka. Niliona machozi machoni mwake, nikasema moyoni kwamba huyu mwanamke ana upendo kuliko nilivyomdhania.

Senge alitupokea mwenyewe mlangoni. Alimwona Mitchel akishushwa na kukanyaga hatua chache hadi kitandani, na niliona uso wake ukifunga kama dirisha. Halafu ukafunguka tena, akaanza utani.

"Nani amekupa ruhusa ya kutembea kama mimi? Umenilipa?"

"Senge, nina kinena!"

"Kila mtu ana kinena. Wewe una viwili. Hebu tuone kipi kinalia."

Akampima homa kwapani. Hakuna. Akauliza kama amekula asubuhi. Alikuwa amekula viazi vitamu na chai, na alitaka vingine. Akambonyeza tumbo, Mitchel akacheka. Akaushika mguu mzuri kwanza, akauviringisha, kisha akaushika ule wa kulia. Uliviringika. Aliukunja, ukakunjika. Alipougeuza ndani kidogo, Mitchel akanyamaza katikati ya neno na kushika shuka.

Senge akauachia. Akamsimamisha, akamwomba amfuate hadi kwenye dirisha. Mtoto akatembea kwa kuchechemea, lakini akatembea, huku akieleza kwamba dirisha hilo lina buibui.

"Alikuwa na mafua?"

"Wiki iliyopita," Natasha akajibu.

"Mm." Senge akakaa kwenye kiti chake cha kuzunguka. "Sikilizeni. Mara nyingine mtoto akitoka kwenye mafua, ngozi laini iliyo ndani ya nyonga hufura kidogo na kutoa maji. Ugonjwa huo huja kwa kelele na kuondoka kimya. Unahitaji mapumziko na dawa ya maumivu, basi. Hana homa, anakanyaga, anakula, mguu unageuka. Kila kitu kinasema ni hiyo."

Natasha akashusha pumzi. Mimi sikushusha, kwa sababu nilimwona Senge akiinama kukaza kamba za kiatu chake cha kushoto, ambazo hazikuwa zimelegea.

"Lakini?" nikamuuliza.

"Lakini ni wa kwetu, wifi. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine, ningempa dawa na kumwambia nimwone tena kesho. Huyu naona ninachotaka kuona. Nataka yawe maji tu."

"Na unaogopa nini?"

"Unajua ninachoogopa." Akainuka. "Mpelekeni Kakamega apimwe damu na apigwe picha ya nyonga. Mtu asiye na mguu kama wangu amwangalie. Mimi nakuja pia, ila nitakaa nje."

Basi tukaenda. Weldon alitukuta hospitalini akitoka Sigalagala, bado ana vumbi la karakana mikononi. Daktari alikuwa kijana mtaratibu, akampaka Mitchel jeli tumboni kwa chini na kwenye nyonga, akaanza kutazama kwenye skrini. Senge alikaa nje kwenye benchi kama alivyosema. Mimi niliketi pamoja naye, kwa maana chumba kilikuwa kidogo na mdomo wa Mitchel ulikuwa umeshakijaza.

Senge, ambaye hana ugonjwa usioweza kufanyiwa mzaha, alikuwa amekishikilia kidole changu kimoja, kama mtoto anavyoshika kidole cha mama sokoni. Baadaye akasema, "Nilikuwa na umri wake huyu. Siku ile nilikuwa nimevaa gauni la njano. Nakumbuka kwa sababu walilikata kwa mkasi."

"Rosebella," nikamwambia, "huyu hana homa."

"Najua. Ndicho ninachojiambia. Hana homa, hana homa."

Mlango ukafunguka, daktari akatuita. Picha ilionyesha maji kidogo ndani ya nyonga ya kulia. Majibu ya damu yalikuwa mazuri. Hakukuwa na dalili ya usaha. Akasema yale yale aliyoyasema Senge, kwa maneno marefu zaidi: ni uvimbe wa kupita unaofuata mafua. Apumzike, asiruke wala kukimbia, apewe dawa ya maumivu, arudishwe mara moja akipata homa au akikataa kukanyaga, na hata asipokataa aonwe tena baada ya wiki kuhakikisha umeisha, kwa kuwa kuna magonjwa mengine ya nyonga ambayo huanza kwa kujifanya ugonjwa huu mdogo.

"Kwa hivyo nyonga yangu ina makamasi?" Mitchel akauliza.

"Karibu hivyo," daktari akasema.

Senge alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akatoka nje kwenda kununua maji ya kunywa, akakaa huko muda mrefu kuliko duka lilivyo mbali. Sikumfuata. Mtu mwenye heshima zake huachiwa ukuta wa kulilia.

Njiani kurudi simu yangu ililia ujumbe juu ya ujumbe. Kikundi cha akina mama wa kanisa kilikuwa kimejaa mikono ya sala. "Bwana afungue kinywa." "Ulimi uliofungwa utafunguliwa." Kwetu watu huandika maandiko ya namna hiyo hata mtu akipoteza funguo, kwa hiyo niliandika "Amina" na kushukuru. Jumamosi mama mmoja akatuletea ingokho mnono, akakaa mbele ya Mitchel na kumwambia taratibu sana, kwa sauti kubwa, akinyoosha mikono, "KU-KU. Huyu ni KU-KU." Mitchel, ambaye alikuwa ametafuna mua mdomo ukajaa, alitikisa kichwa tu. Mama yule akaniambia, "Anasikia. Hiyo ni hatua." Nilidhani ni upole wake.

Jumapili maumivu yalikuwa yamepungua sana. Natasha alitaka tubaki nyumbani, lakini mimi nilisema tutakwenda kanisani na mtoto ataketi. Watu wa heshima hawajifichi. Senge akaja pia, akaketi nyuma karibu na mlango, kama kawaida yake.

Baada ya nyimbo, Mchungaji Lazarus akashuka madhabahuni na maikrofoni.

"Bwana asifiwe! Kuna mtoto hapa. Ijumaa aliamka akiwa hawezi kunena. Mtoto wa miaka sita! Adui amekuja kumfunga ulimi. Na katika kanisa hili ambalo tunanena hata kwa lugha, tutakubali?"

"Hapana!" kanisa likaitikia.

"Mama Weldon, mlete mjukuu wako."

Nilibaki kwenye benchi, nikaanza kurudisha mambo nyuma: maziwa ya Maximilla, machozi, mikono ya sala, KU-KU. Yote yalifika mahali pake kwa mpigo mmoja. Nilipogeuka kumzuia Mitchel, alikuwa ameshafika mbele, akitembea taratibu kama alivyoagizwa. Hakuna aliyewahi kumpa maikrofoni kabla ya hapo.

Mchungaji akamwekea mkono kichwani. "Mtoto, jaribu. Sema 'Yesu.'"

"Yesu," Mitchel akasema.

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Kinanda kikaanza. Maximilla akainua mikono miwili juu.

"Naweza kusema na mengine," Mitchel akaendelea kwenye maikrofoni. "Naweza kusema Alhamisi, na Sigalagala, na ambulensi. Mchungaji, mimi siyo kunena. Mimi ni kinena. Kinena ni hapa—"

"Mitchel!" nikasimama.

Lakini alikuwa ameshaonyesha. Kinanda kikanyamaza. Kutoka nyuma karibu na mlango nilisikia kicheko kimoja, kile cha kushika ukuta.

"Lakini Mama Weldon," Maximilla akageuka kwenye benchi lake, "si wewe mwenyewe ulisema ana shida ya kunena?"

"Nilisema kinena, Maximilla. Ki-ne-na."

"Hicho ni nini tena? Nani hapa anajua kinena?"

Mchungaji akatazama kanisa. Hakuna mkono ulioinuka. Mzee mmoja akasema ni ndege. Mama mwingine akasema hapana, ni ugonjwa wa ng'ombe.

"Ni hapa paja linapoanzia," Mitchel akawafafanulia. "Kilikuwa kinaniuma, nikawa nachechemea kama Senge."

Kicheko kilichokuwa kimeanza kikaisha. Niliona vichwa vikigeuka kimoja baada ya kingine kuelekea nyuma, kwenye kiatu cha Bramwel. Mwanamke mmoja alimgusa jirani yake kwa kiwiko. Nilijua kila neno lililokuwa katika kiwiko kile.

Halafu: pu-ta, pu-ta, pu-ta. Senge alikuwa anakuja mbele. Akampokea mtoto maikrofoni, si kwa urahisi.

"Mtoto huyu ana maji kidogo ndani ya nyonga," akasema. "Yametokana na mafua, na yanakauka. Picha imeonyesha, damu imeonyesha. Sasa mnanitazama mguu, kwa hiyo niwaambie na wangu. Mnajua nilianguka kutoka kwenye mpera."

"Ndiyo," watu wakajibu, kwa sababu walijua.

"Sikuanguka. Ule mpera haukuwahi kunifanyia ubaya wowote, ulinipa mapera. Nilikuwa na homa na usaha ndani ya nyonga, goti likalia kwa niaba yake, nikakandwa goti, nikachelewa. Siyo laana, siyo ukoo, siyo babu. Ni kuchelewa. Basi mtoto wako akichechemea, usimkande na usimwombee ulimi peke yake. Mlete. Mara nyingi nitakurudisha nyumbani ukicheka. Mara chache nitakupigia kelele. Mchungaji, nimemaliza, unaweza kuendelea na kunena."

Nilikuwa nimelitunza lile tawi la mpera tangu ubibi harusi wangu. Lilikatika siku hiyo mbele ya kanisa zima, na hakuna aliyeumia. Hakuna aliyetucheka. Maximilla alikuja akamkumbatia Senge, kisha akanikumbatia mimi, akasema, "Lakini Mama Weldon, siku nyingine sema tu mguu." Nikamwambia sitasema. Neno ni kinena, na sasa kanisa zima linalijua, jambo ambalo wizara ya elimu haikuweza.

Kule nyumbani tulimpika yule kuku wa Jumamosi. Maximilla alikula nasi obusuma, ugali wetu, na kipaja kizima, akisema sala zilifanya kazi hata kama zilitumwa anwani nyingine.

Siku ya kurudi kuonwa, Senge alimviringisha Mitchel mguu wa kulia kila upande, ndani na nje, na mtoto hakukatiza hadithi yake hata mara moja. Akamwambia aruke kwa mguu huo. Akaruka, akaruka tena, hadi akaambiwa inatosha. Senge akageukia bomba la maji. Aliosha mikono yake kwa muda mrefu.

Tulitoka wote kwa miguu, maana mchana ulikuwa mzuri na Senge alikuwa amemaliza zamu. Yeye na mtoto walitangulia. Natasha nami tukawa nyuma tukizungumza juu ya shule kufunguliwa. Tulipofika karibu na maduka, ambako watu hukaa nje wakitazama wapita njia, niliinua macho nikamwona Mitchel akichechemea. Mguu wa kulia, ule ule, anaukanyaga haraka na kuuondoa.

Natasha akanishika mkono. Senge naye alikuwa ameona. Alisimama pale pale barabarani, uso umefunga.

"Mitchel, panauma?"

"Hapana, Senge."

"Usinidanganye. Wapi?"

"Hapaumi! Natembea kama wewe."

Senge akamtazama miguu. Watu wa madukani walikuwa wanatazama pia, nami nilikuwa tayari kumwita mtoto atembee vizuri mbele za watu. Lakini Senge aliinama, akamshika bega, akamgeuza kidogo.

"Basi kama ni kuniiga, niige sawasawa," akamwambia. "Mguu wangu mfupi ni wa kushoto. Na unapoteza mdundo. Haya, rudia."

Wakaondoka hivyo mbele ya maduka yote ya Chekalini, mkubwa na mdogo, pu-ta, pu-ta, na sikumwita mtu.